Wanaimba "ba be bi bo bu" vizuri, ukiwaonyesha "bo" peke yake wanakwama

Chaki Nyeupe:
Habari za kazi walimu. Nina darasa la kwanza, watoto 58, kipindi cha nusu saa. Irabu wanazijua, konsonanti tumefika m, k, t, b, l. Nikiandika ba be bi bo bu ubaoni wanaimba mpaka madirisha yanatikisika, ila nikiifuta yote nikabakiza "bo", mtoto anaanza chini kwa chini "ba, be, bi..." hadi aifikie. Kwenye kuandika ndiyo usiseme: nikisoma imla ya "kaka" naletewa "kk". Naomba michezo inayobeba darasa kubwa kwa karatasi, chaki na vijiwe tu. Ya kukimbia nimejaribu, ikawa vurugu, na wanaojibu ni walewale sita.

Mkasi na Gundi:
Mwalimu, hao hawasomi bado, wanaimba. Ulimi umeshika wimbo, macho yamekaa bila kazi. Kwa hiyo kuanzia kesho usipange tena silabi kwa mfuatano ule. Andika zilizochanganywa, "bo, ki, ma, tu, le", na kila siku ubadilishe mpangilio, la sivyo huo nao utageuka wimbo.

Hiyo "kk" ina sababu. Mtoto amefundishwa kwamba herufi ile inaitwa "ka", naye kaandika ka mbili. Kwa masikio yake yuko sawa. Acha majina ya herufi kwa sasa, fundisha sauti: k ikatwe fupi bila irabu kuifuata, m ivutwe "mmmm". Na mazoezi ya kuunganisha uyaanzie kwa m na l, maana zinavutika mpaka zikutane na irabu: "mmmma". Ukianza na b au t, mtoto anatamka "bu-a" halafu anashangaa "ba" imetokea wapi.

Mchezo: bingo ya silabi, yaani wewe unataja silabi, wenye nayo wanaiwekea kijiwe, na safu ikijaa ndiyo ushindi. Konsonanti zako tano na irabu tano zinatoa silabi 25, chagua 16 uziandike ubaoni. Watoto wakae wawiliwawili, kwa hiyo karatasi 29. Karatasi ikunjwe katikati mara tatu, ukiikunjua una vyumba 8, safu mbili za vinne. Kila jozi ichague silabi 8 na kuziandika kwenye chumba chochote. Hapo tayari wameandika, na karatasi zimetofautiana bila wewe kuchora hata moja. Kuandika huko kunakula karibu kipindi chote kwa wanaoanza, hivyo kusanya karatasi, mcheze siku inayofuata. Vijiwe vinane kwa jozi.

Yanayoharibu ni haya. Ubao usipofutwa kabla ya kuanza, wananakili tu. Na ukitamka "ki" huku umeinua kadi ya "ki", wanalinganisha maumbo, hawasomi. Tamka, hesabu kimoyomoyo hadi tano, ndipo uinue kadi wajisahihishe. Jozi iliyojaza safu ya vinne haijashinda mpaka iinue kijiwe kimojakimoja na kusoma kilicho chini yake. Anayeanza na "ba, be..." arudishe vijiwe, mchezo uendelee.

Silabi Tatu:
Nakubaliana na hayo, ila bingo ni nusu ya kazi. Pale mtoto anasikia kisha anatafuta. Kusoma ni kinyume: anaona kisha anatamka. Mtoto anaweza kushinda bingo wiki nzima na bado akashindwa kusoma "bati".

Tumia ngazi ya maneno. Karatasi ileile ikunjwe mara tatu na kukatwa, unapata kadi 8: a mbili, i mbili, na b, k, o, t mojamoja. Piga mstari chini ya kila herufi ili mtoto ajue miguu iko upande gani. Kadi hizo nane zinatosha maneno haya kwa mfuatano:

bata – bati – kati – koti – kiti – kito

Kila hatua inabadilika herufi moja tu. Jozi ipange "bata". Kisha wewe sema "toa a ya mwisho, weka i", na hapo UNYAMAZE. Usiwatajie neno. Mmoja apange, mwenzake asome sikioni kwa mpangaji, halafu wabadilishane. Kwa kunong'ona kila jozi inasoma kwa wakati wake, na wale sita wako hawana namna ya kuwajibia wengine. Ukiruhusu jibu la sauti ya juu, umerudi ulikotoka.

Wakifika mwisho rudi nyuma kwa njia nyingine: sasa wewe taja "kiti", wao watafute cha kubadilisha kwenye "kito". Halafu kadi zifunikwe, waandike maneno matatu kwenye daftari. "Kito" wengi hawajui ni nini, waambie kabla hamjaanza. Neno lisilo na maana kwao wataligeuza kuwa "kitu". Na usiwe na haraka ya kubadilisha herufi mbili kwa mpigo: mtoto akipoteza uzi anaanza kubahatisha.

Jambo jingine, kwa kuwa b umeshaifundisha, d isubiri hadi b ikae mkononi.

Mstari wa Kwanza:
Kuhusu vurugu: ukitoa zawadi kwa kasi, utapata kasi. Imla ya mbio, ile ya mmoja kukimbia kusoma kilichobandikwa na kurudi kumsomea mwenzake aandike, ni nzuri kwa watoto ishirini, kwa 58 iache.

Badala yake jaribu simu ya mgongoni. Vikundi 18 vya watatu na kimoja cha wanne, wamekaa wakifuatana kama abiria. Wa nyuma anaonyeshwa kadi ya silabi moja, anaiandika kwa kidole mgongoni mwa aliye mbele, naye anaipeleka mbele, wa kwanza anaiandika kwenye karatasi. Atakayetamka, silabi yao imekufa. Darasa linakuwa kimya ajabu. Baada ya silabi tatu wa mbele aende nyuma.

Msipitishe neno zima, mgongo hausomi herufi nne. Ikifika "do" badala ya "bo", mwambie kila mmoja aiandike hewani umtazame mkono: b inaanza na mstari unaoshuka, ndipo tumbo. Anayeanza na tumbo ndiye mwenye d.

Sentensi zisubiri. Zikifika, andika moja kwenye kipande kirefu cha karatasi, ikate neno kwa neno, waipange upya. Usikate kitenzi katikati. "Wanacheza" ni kipande kimoja. Ukikikata ndipo unapoanza ule ugonjwa wa kuandika "wana cheza" ambao hautibiki hata darasa la tano.

Chaki Nyeupe:
Asanteni sana walimu, nimeshakunja karatasi. Swali moja: tukipigia makofi silabi, "mtu" wanapiga kofi moja, wengine mawili. Na "mbuzi" je?

Silabi Tatu:
"Mtu" ni mawili, m-tu. Sikiliza mkazo, umekaa kwenye m yenyewe, kwa hiyo ni silabi kamili bila irabu. "Mtoto" matatu. "Mbuzi" ni mawili pia, lakini mbu-zi: pale m imeshikana na b na haisimami peke yake. Kwa sasa wape za aina ya mtu na mtoto tu, na kwenye bingo ipe m chumba chake. Mb na nd waje baadaye, wakiwa hawasiti tena kwenye silabi za herufi mbili.