Wanyama wa plastiki kwenye bale: yupi hapa ni dinosauri?

Mama Wairimu, Kayole
Hamjambo wadau. Nauza vitu vya watoto Gikomba, na kwenye bale ya mwisho nimepata mfuko wa wanyama wa plastiki ulioandikwa dinosauri. Wairimu, gredi ya tatu, amekataa niuze mpaka ajue kila mmoja anaitwaje. Mmoja ana mabawa ya ngozi, mwingine shingo ndefu na makasia badala ya miguu, mwingine ni kama mjusi mwenye tanga mgongoni, na kuna mamba kabisa! Kweli hawa wote ni dinosauri? Na waliwahi kuishi kwetu?

Kevo_Umoja
Mama, uza tu. Wanunuzi wa Gikomba hawaulizi ukoo.

Mzee wa Bucha
Mama Wairimu, msikilize mtoto, achana na Kevo. Mimi nakata nyama soko la Burma, na mifupa ndiyo iliyonifanya niwapende hawa wanyama.

Anza na miguu. Mjusi miguu yake imetokea ubavuni, tumbo linakaribia kugusa chini. Dinosauri alisimama miguu ikiwa wima chini ya mwili. Siri iko kwenye nyonga. Ukitoa paja la mbuzi, kile kikombe linamokaa paja kina sakafu ya mfupa. Sasa mchemshe kuku, ukwangue nyama yote, uchungulie palepale: pametoboka, kijiti kinapita upande wa pili. Nyonga ya dinosauri imetoboka vivyo hivyo, maana kuku NI dinosauri. Ndege ndio tawi pekee la ukoo huo lililobaki. Na ule mfupa wa umbo la V kifuani mwa kuku, ambao watoto hugombania kuuvunja? Tiranosauri alikuwa nao.

Mfuko wako sasa. Mwenye mabawa ni terosauri: ndugu wa dinosauri, si dinosauri. Bawa lake limeshikiliwa na kidole kimoja, cha nne, kilichorefuka ajabu; wakubwa wao walifikia mita 10 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Mwenye makasia ni plesiosauri, mtambaazi wa baharini. Wa tanga ni Dimetrodon, naye ndiye hunichekesha kila nikimwona kwenye mfuko kama huo: alitoweka mamilioni ya miaka kabla dinosauri wa kwanza hajazaliwa, na kwa ukoo yuko karibu na mimi na wewe kuliko alivyo karibu na mjusi. Mamba naye si dinosauri, ila katika wanyama walio hai leo, hakuna aliye karibu naye kiukoo kama ndege.

Mama Wairimu, Kayole
Ahsante sana Mzee. Anasema Stegosauri na Tiranosauri wapigane. Na bado hujanijibu la kwetu.

Mzee wa Bucha
Hawakukutana. Stegosauri aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, Tiranosauri mwishoni kabisa, kabla kimondo kilichowamaliza hakijaanguka Yucatan, Mexico, miaka milioni 66 iliyopita. Kati yao ni parefu kuliko kati ya Tiranosauri na Wairimu.

La kwetu: visukuku vinavyoipa Kenya sifa vimo kwenye mawe machanga. Yule Mvulana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, ana miaka kama milioni 1.5 tu. Mifupa ya dinosauri imepatikana kwenye mawe ya kale zaidi ya milima ya Lapurr, huko Turkana. Lakini hazina yenyewe iko kwa jirani: Tendaguru, mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko, yaani waliochimba ni wenyeji, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mifupa kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Mifupa ya Giraffatitan, dinosauri wa huko mwenye shingo ndefu, imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Jina la Boheti lingepaswa kuwa kwenye vitabu vya shule.

Njeri wa Kabete
Ongeza mtoto wa hapa kwetu: Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, alienda Tendaguru mwaka 1924 na msafara wa Waingereza, akiwa bado mwanafunzi. Kiongozi wao, William Cutler, alikufa kwa malaria Lindi mwaka uliofuata.

Mama Wairimu, Kayole
La mwisho, Mzee, maana hataki kulala. Mbona wote ni kijani?

Mzee wa Bucha
Kwa sababu kiwanda kilikuwa na plastiki ya kijani. Mwambie kuhusu Sinosauropteryx wa China: mdogo, mwili umejaa manyoya laini. Mwaka 2010 wataalamu walikuta ndani ya manyoya yake chembe za rangi zilizohifadhiwa, wakatambua kwamba mkia ulikuwa na mistari ya hudhurungi nyekundu na nyeupe. Kama ana kalamu za rangi, aanze na huyo.