Gibson 1968: wastani wa 1.12, halafu vipigo 9?

Mla_Takwimu:
Wakuu, napitia msimu wa 1968 wa ligi kuu ya besiboli Marekani. Bob Gibson wa St. Louis Cardinals: ushindi 22, vipigo 9 (mechi alizopoteza), wastani wa pointi 1.12 kwa mechi. Mrushaji anayeruhusu pointi moja tu kwa mechi anapigwaje mara 9? Na ni kweli enzi ile ya warushaji kutawala ilimalizwa na kushushwa kwa kichuguu cha mrushaji, yaani mwinuko anaosimama akirusha?

Ngwe_ya_Tisa:
Mkuu, anza na hesabu yenyewe. Unachukua pointi anazobebeshwa mrushaji, unazidisha kwa 9, unagawa kwa ngwe (awamu za mchezo, 9 kwa mechi) alizorusha. Gibson: 38 × 9 = 342, gawa kwa 304 na theluthi mbili, unapata 1.12. Ila jumla aliruhusu pointi 49. Zile 11 zilitokana na makosa ya wadakaji. Kwenye wastani hazimo, ubaoni zimo.

Halafu upande wa pili nako kulikuwa na mrushaji. Septemba 17, San Francisco: Gibson anarusha, Ron Hunt wa Giants anapiga homurani (pigo linalomzungusha mpigaji vituo vyote hadi pointi) ngwe ya kwanza tu, basi, imeisha 1-0, kwa sababu Gaylord Perry, mrushaji wa Giants, hakuwapa Cardinals hata hiti moja (pigo linalomfikisha mpigaji kituoni salama). Kesho yake, uwanja uleule, Ray Washburn wa Cardinals akawalipa: hakuna hiti hata moja kwa Giants.

Ndivyo mwaka ulivyokuwa, wapigaji walihangaika. Bingwa wa kupiga wa American League, moja ya ligi mbili kuu, Carl Yastrzemski, alimaliza na .301, hiti 162 kwa majaribio 539.

Kichuguu:
Hilo la kichuguu ni nusu ya jibu. Kilishushwa 1969 kutoka inchi 15 hadi 10, yaani kutoka sentimita 38 hivi hadi 25. Mrushaji akiwa juu, mpira unashuka kwa mteremko mkali, na rungu linalopita karibu usawa linakutana nao kwa muda mfupi sana.

Watu wanasahau eneo la straiki, yaani eneo ambalo mpira ukipita bila kupigwa unahesabiwa dhidi ya mpigaji; straiki tatu anatoka. 1963 lilitanuliwa: juu ya bega hadi chini ya goti. Mpigaji akawa na eneo kubwa la kulinda, akirukia mpira wa mabegani anauinua dhaifu tu hewani. 1969 likarudishwa, kwapa hadi juu ya goti. Mwaka huohuo ziliongezwa timu 4, kukahitajika warushaji wengi ambao ligi kuu isingewagusa kabla. Pointi za timu kwa mechi zikapanda kutoka 3.42 hadi 4.07. Ukimpa kichuguu sifa zote unakosea.

Mla_Takwimu:
Na Gibson mwenyewe 1969?

Kichuguu:
Ushindi 20, vipigo 13, wastani 2.18. Bado moto.

Ngwe_ya_Tisa:
Na usimpime kwa mechi ya mwisho ya fainali ya 1968 dhidi ya Detroit Tigers (mfululizo wa mechi hadi saba) peke yake. Mechi ya kwanza, Oktoba 2, aliwatoa Tigers 17 kwa straiki. Ya saba, Oktoba 10, alirusha tena, ilikuwa 0-0 hadi ngwe ya 7, wapigaji wawili wa Tigers wameshatolewa. Norm Cash na Willie Horton wakapata hiti, Jim Northrup akapiga mpira mrefu katikati. Curt Flood wa Cardinals, mdakaji hodari kabisa, akapiga hatua mbele badala ya nyuma, akateleza, mpira ukampita juu. Cash na Horton wakaingia, pointi mbili. Bill Freehan akaongeza, 3-0. Detroit walishinda 4-1, na mrushaji wao Mickey Lolich akajipatia ushindi wake wa tatu wa fainali ile.