Kuku wa jerk Lubumbashi, tumpate wapi?

Mutoto wa Bel-Air: Wakubwa, shemeji anafika Jumamosi toka Uingereza, anataka kuku wa jerk wa Jamaika. Iko mahali, ao nimpeleke tu kwa michopo, mbuzi wa kuchoma?

Yaya wa Kamalondo: Mdogo wangu, wengi wakiandika jerk kwenye menyu wanakuuzia kuku wa pilipili tu. Nusa kwanza. Jerk ya kweli inabeba majani ya taimu (thyme), tangawizi, pilipili kali na mbegu za pimento, zenye harufu kama karafuu na mdalasini pamoja. Kule wanachomea juu ya kuni za mti huohuo. Sisi tuko na makala (mkaa), basi. Michopo ni mambo mengine: mbuzi, chumvi, moto. Kaa pale mchomaji anakukatia nyama mbele ya macho, na kitunguu kibichi pembeni. Akirudisha nyama iliyopoa motoni, pita.

Mutoto wa Bel-Air: Asante yaya. Na bukari (ugali)?

Yaya wa Kamalondo: Agiza ukifika tu, bukari inaisha jioni.

Papa Kenya: Ao loweka kuku nyumbani usiku kucha. Pimento ikikosa, changanya karafuu, mdalasini na kungumanga. Karafuu kidogo sana lakini, itakula ladha yote.