Naomba ushauri: simu za Wi-Fi hazioni printa ya kebo

Jambo wandugu. Nina sekretariati ya kuchapa na kutoa fotokopi hapa Kadutu, Bukavu. Chini kuna kompyuta na printa, zote ziko kwenye ruta kuu kwa kebo. Orofani fundi alitufungia ruta ya pili ili wanafunzi wachape kazi zao moja kwa moja kutoka kwenye simu. Intaneti inapita vizuri, ila printa haionekani kabisa.

Nimeangalia anwani za mtandao (IP) za vifaa: mashine za chini zinaanza na 192.168.1, simu za juu 192.168.0. Kebo inayopanda imechomekwa kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti) la ruta ya juu. Ninavyoelewa, akses pointi (kifaa cha kutoa Wi-Fi) inatakiwa kuwa daraja tu: ipokee data kwa redio, iipitishe kwenye kebo, wote wabaki mtandao mmoja. Hii yetu inagawa mtandao mara mbili, na kwa mtu anayetaka kuchapa hiyo ni shida kubwa.

Je, inatosha kuzima DHCP (ugawaji wa anwani) ya ruta ya juu, kuipa 192.168.1.2, kisha kuhamishia kebo kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani)? Au ninunue akses pointi yenyewe? Ruta ni ya zamani, menyu yake haina sehemu ya kuigeuza iwe akses pointi.

Pia Wi-Fi za ruta zote mbili ziko chaneli 6 (njia moja ya redio). Nafikiri ya juu niipeleke 11.

Kinachonitia wasiwasi zaidi: wateja wakiwa mtandao mmoja na kompyuta zenye kazi za watu, nizilinde vipi huku printa ikibaki wazi kwao? Mwenye uzoefu anisaidie, tafadhali.