Natafuta kundi la kucheza Dungeons & Dragons mtandaoni: mgeni hupokelewa wapi?

Mgeni_wa_Mwanza ameuliza:

Wadau, habari za jioni. Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikijifunza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huwa na mhusika wake, na mtu mmoja anayeitwa DM husimulia yanayotokea na kuamua matokeo kwa msaada wa dadu. Kanuni za msingi nimezisoma bure katika tovuti ya D&D Beyond, na nimeshatengeneza wahusika watatu ambao mpaka leo hawajaingia hata pango moja. Hapa nilipo sijapata mtu wa kucheza naye ana kwa ana, kwa hiyo tegemeo langu ni makundi ya mtandaoni.

Nimetuma maombi saba. Matano hayakujibiwa kabisa. La sita lilijibiwa kwa fomu yenye maswali kumi na mawili. Nilichelewa siku mbili kuirudisha, nikakuta nafasi imekwisha. La saba ndilo lililoniuma. DM aliyekuwa New York aliniuliza ninapatikana saa ngapi, nami nikamwandikia kwa Kiingereza kwamba Jumamosi huwa huru kuanzia saa mbili usiku, na tarakimu niliyoiweka ilikuwa hiyo hiyo 2. Alifurahi mno, akanikaribisha. Jumamosi ilipofika nilichaji simu, nikanunua bando, nikakaa kwenye chaneli ya sauti tangu saa mbili kasorobo hadi saa nne, peke yangu. Nilipoamka Jumapili asubuhi nilikuta jumbe kumi na moja: walikuwa wamenisubiri saa nane za usiku. Ile 2 yangu aliisoma kama wanavyoisoma wao, na kwa kuwa saa nane za usiku hapa ni saa moja ya jioni kwake, aliona amepata mtu anayemfaa kabisa. Nilipomweleza, kiti kilikuwa kimeshapewa mwingine.

Sasa ninauliza: je, ninatafuta mahali pasipofaa, au maombi yangu ndiyo yenye kasoro? Maneno ninayotuma, nikiyaweka kwa Kiswahili, ni haya: “Habari, mimi ni mchezaji mpya mwenye shauku kubwa. Niko huru muda wowote. Niko tayari kucheza mhusika yeyote. Tafadhali nipeni nafasi.” Ninatumia simu tu, sina kompyuta, na Kiingereza ninakiandika vizuri kuliko ninavyokizungumza.

DaduIshirini amejibu:

Karibu sana, ndugu, na pole kwa usiku ule. Kosa la saa limetupata wengi, ila sijawahi kusikia mtu aliyekubaliwa kwa sababu ya kosa lenyewe.

Mimi nimecheza mtandaoni nikiwa Nairobi tangu 2020, na kwa miaka miwili iliyopita nimekuwa DM, kwa hiyo maombi kama yako nimeyasoma nikiwa upande wa pili. Ninapotangaza viti vinne vya bure, waombaji huwa wengi kuliko viti kwa mbali, na sina muda wa kumhoji kila mmoja. Jambo la kwanza ninalolitafuta si ujuzi wala shauku, kwa sababu kila mwombaji ana shauku. Ninatafuta kujua kama saa zetu zinakutana. Sentensi inayokuangusha ni ile ya “niko huru muda wowote.” Kwa uzoefu wangu, anayeiandika huwa hajaitazama kalenda yake. Watu wawili niliowapokea kwa sentensi hiyo waliacha kuja kabla ya kikao cha tatu, na mmoja alisema hakujua kwamba kikao kimoja huchukua saa tatu hadi nne.

Andika saa zako kwa mtindo wa saa 24, na uongeze UTC+3, ambayo ndiyo saa ya Afrika Mashariki. Saa mbili yetu ya usiku iandikwe 20:00, na hapo hakuna atakayekosea. Discord, ile programu ya gumzo na sauti wanayokutania wachezaji, pia ina namna ya kuandika muda ambayo humwonyesha kila msomaji saa ya mahali alipo. Ukizoea kuitumia, utaepuka hesabu nyingi.

Kisha chagua makundi kwa kufuata jua, si kwa kufuata umaarufu. Meza ya New York inayoanza saa moja ya jioni kwao ni saa nane za usiku kwetu wakati wa majira yao ya joto, na wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba inakuwa saa tisa. Hiyo si ratiba ya mtu anayekwenda kazini. Meza ya London inayoanza saa moja ya jioni hutufikia saa tatu usiku wakati wao wa joto na saa nne wakati wa baridi. Afrika Kusini wako nyuma yetu kwa saa moja tu mwaka mzima, na wa India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Huko ndiko ningeanzia.

Kuhusu mahali, r/lfg, jukwaa lililomo katika tovuti ya Reddit, ni soko kubwa lakini lenye kelele, na Roll20, tovuti ya kuchezea michezo ya mezani mtandaoni, wana ubao wao wa matangazo. Zipo pia seva za Discord zilizoundwa kwa ajili ya wanaoanza, na kwa maoni yangu ndizo bora kwako, kwa sababu unaweza kuzoeana na watu kwa maandishi kabla ya kuomba kiti. Ukiona herufi LFG, mtu anatafuta kundi. LFP ni kundi linalotafuta wachezaji, na hayo ndiyo matangazo ya kujibu. Ukikutana na waendeshaji wanaolipwa kwa kila kikao, kama wale wa StartPlaying, si matapeli, ni biashara halali. Lakini mtu ambaye hajajua kama mchezo wenyewe utampendeza hana haraka ya kulipa.

Jambo la mwisho: usiombe kampeni. Kampeni ni hadithi ya miezi au hata miaka, na DM huogopa kumfungia nafasi mtu asiyemjua. Omba mchezo wa kikao kimoja. Ukifika kwa wakati, ukasikiliza wengine wanapozungumza na ukakumbuka jina la mhusika wa mwenzako, utaitwa tena bila kuomba.

Binti_Maskati amejibu:

Kaka DaduIshirini amesema kweli kuhusu saa. Mimi niko Muscat, saa moja mbele yenu, na kundi langu la Ijumaa lina watu wa nchi nne. Ningependa kuongeza yale ambayo wanawake tunayauliza mapema, ingawa yanamfaa kila mgeni.

Kabla ya kuanza, kundi zuri hufanya kikao cha maandalizi, ambacho wachezaji hukiita kikao cha sifuri. Hapo hamchezi, mnakubaliana hadithi itakuwa ya namna gani, nani atacheza nini, na mambo gani hayataingizwa kabisa mezani. Mimi, kwa mfano, nilisema sitaki mateso ya watoto yasimuliwe, na DM aliandika bila kuniuliza sababu. Makundi mengine hutumia pia kadi yenye herufi X, iliyobuniwa na John Stavropoulos: mchezaji akiigusa, au akiandika X kwenye gumzo, jambo linalosimuliwa linaachwa na mchezo unaendelea. DM anayecheka ukimuuliza habari hizi ameshakujibu. Vilevile usitoe namba yako ya simu siku ya kwanza. Discord inatosha, na ukitaka kuondoka unaondoka bila mtu kukufuata WhatsApp.

Kuhusu Kiingereza, usijinyime mchezo kwa ajili ya lafudhi. Watu wengi hudhani ni lazima uzungumze kwa sauti ya mhusika kama mwigizaji wa redio, kumbe si lazima. Sema tu, “Mhusika wangu anamwambia mlinzi kwamba tumepotea, na anajaribu kuonekana mchovu.” Mwaka wangu wa kwanza wote nilicheza hivyo. Waweza pia kumwomba DM akuruhusu usikilize kikao kimoja bila kucheza; kwangu ile saa ya kusikiliza ilikuwa na faida kuliko kurasa zote nilizosoma.

Mfano wa kilichonifungua macho ni huu. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza alitaka kupanda ukuta. DM aliweka ugumu wa 15 moyoni mwake, akasema, “Rusha.” Dadu ya pande 20 ilitoa 11. Nguvu za mhusika zilikuwa 16, ambazo huongeza 3, na kwa kuwa alikuwa na mafunzo ya stadi hiyo aliongeza 2: jumla 16, akafika juu. Mwenzake mwenye nguvu zile zile lakini asiye na mafunzo alitoa 11 hiyo hiyo, akapata 14, akaning'inia. Sehemu kubwa ya kanuni ni hesabu hiyo moja ikirudiwa, na nilipoielewa niliacha kuogopa.

Kwa kuwa unatumia simu, liseme hilo tangu mwanzo. Foundry, programu nyingine ya kuchezea kama Roll20, haikutengenezwa kwa ajili ya simu, na ramani za Roll20 husumbua kwenye kioo kidogo. Tafuta meza zinazocheza kwa masimulizi bila ramani, na dadu mzirushe ndani ya Discord kwa programu kama Avrae: unaandika !r 1d20+5, yaani dadu moja ya pande 20 na kuongeza 5, na jibu linatokea mbele ya wote. Kamera izime, sauti peke yake hula bando kidogo.

Mzee_wa_Fumbo amejibu:

Vijana wangu, nina maoni tofauti kidogo. Nilicheza na Wamarekani kwa miezi mitano nikiwa Tanga, nikiamka saa tisa za usiku kila Jumapili. Jogoo wa jirani alikuwa na desturi ya kuwika katikati ya mapambano, na DM, mtu mwenye ucheshi, alimwingiza katika hadithi: kila jogoo alipowika, adui mmoja alitoroka akidhani kumekucha. Nilifurahi sana, lakini Jumatatu kazini nilikuwa kama mgonjwa, na mwishowe niliacha.

Ndipo nikafanya lile ambalo hamjamshauri huyu kijana. Niliwakusanya wapwa wangu wawili na rafiki yao mmoja katika kundi la WhatsApp, nikawa DM mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa maandishi. Hakuna saa ya kukutana: mimi naandika asubuhi wanachokiona, wao hujibu kwa nafasi zao, na jioni ninaendeleza. Mapambano huenda polepole, moja lilichukua siku tisa, lakini hakuna anayekosa usingizi. Mtoto mmoja alipomwambia joka, “Shikamoo,” ilinibidi niamue kama joka ataitika “Marahaba,” na kanuni hazina ukurasa wa jambo hilo. Aliitika. Hawakumpiga.

DaduIshirini amejibu:

Mzee, heshima yako, na hilo joka nitaliiba. Hata hivyo sidhani kwamba mtu ambaye hajawahi kukaa mezani hata mara moja anapaswa kuanza kwa kubeba meza nzima. Nimewaona wawili wakifanya hivyo na kuchoka kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu hawakujua DM anaruhusiwa kukisia. Acheze kwanza vikao viwili au vitatu, kisha awakusanye wenzake wa Mwanza.

Mzee_wa_Fumbo amejibu:

Mimi pia sikujua kama naruhusiwa kukisia. Nilikisia tu. Lakini sitabishana, vikao viwili havitamdhuru.

Mgeni_wa_Mwanza amejibu:

Shikamoo, Mzee wa Fumbo, na asanteni nyote. Nimeyaandika maombi upya kama ifuatavyo, na nitashukuru mkinikosoa:

“Natafuta mchezo wa kikao kimoja, toleo la 2014 au la 2024. Ninapatikana Jumamosi na Jumapili, 20:00 hadi 00:00 UTC+3. Nimesoma kanuni za msingi lakini sijawahi kucheza. Ninatumia simu, hivyo meza isiyo na ramani itanifaa zaidi. Kiingereza changu cha kuzungumza ni cha polepole. Ningependa kucheza mpiganaji aliyekuwa mvuvi, ambaye anajua kuogelea kuliko kupanda farasi.”

DaduIshirini amejibu:

Hapo sawa. Huyo mvuvi ndiye atakayekupatia kiti, kwa sababu DM ameshaanza kuwaza mahali pa kumweka mto. Usiongeze kitu.

Mgeni_wa_Mwanza amejibu:

Nimerudi na habari. Niliyatuma maneno hayo kwa matangazo matatu, na DM mmoja wa Afrika Kusini amenijibu jana. Tunacheza Jumamosi saa mbili ya kwao, yaani 21:00 yetu, na nimemwandikia 21:00 mara mbili katika ujumbe mmoja mpaka akaniuliza kama kuna tatizo. Kikao cha maandalizi kitachukua nusu saa kabla ya mchezo. Ametuma swali moja tu kwa kila mchezaji: mhusika wako anaogopa nini? Nimemjibu kwamba anaogopa kufika mahali walipoahidiana kukutana, akasubiri saa mbili nzima, asimwone mtu.