Tuliolizwa na betri na pawabenki, tupeane uzoefu

Mzee wa Soketi
Wakuu, salaam. Nimefungua uzi huu baada ya kukutana na tangazo la pawabenki ya mAh 100,000 (mAh ndicho kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba) yenye ukubwa wa pakiti ya biskuti, na chini yake watu wanaulizana "rangi nyeupe ipo?" Rangi! Hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo laki moja imeingiaje humo ndani.

Msimamo wangu nautoa mapema, mnaotaka kupinga mjipange: siku hizi hatuuziwi betri, tunauziwa namba. Kamera utapiga picha uione, spika utaisikia hapohapo, ila uwezo wa betri haujaribiki ukiwa umesimama kaunta. Ndiyo maana waongo wote wamehamia huko.

Na hata namba ikiwa ya kweli, ina ujanja wake. Chukua pawabenki halali ya mAh 20,000. Hiyo namba ni ya betri za ndani, zenye volti 3.7. Zidisha 20,000 kwa 3.7, gawa kwa elfu, unapata wati-saa 74, yaani nishati yenyewe iliyomo. Lakini kwenye tundu la USB umeme unatoka kwa volti 5, kwa hiyo gawa 74 kwa 5, ni 14.8, yaani unabaki na mAh 14,800, na hapo hujatoa unaopotea kama joto wakati wa kupandisha volti. Ukipata 13,000 shukuru Mungu. Simu ya mAh 5,000 itajaa mara tatu hivi, siyo nne kama mwenye duka anavyokubonyezea kwenye kalkuleta. Pawabenki za watu waungwana huwa na namba ya pili, ndogo zaidi, imeandikwa mgongoni kwa herufi za sisimizi. Hiyo ndiyo ya kusoma.

Haya, leteni visa. Simu, kompyuta, pikipiki, chochote chenye betri. Ligi za chapa gani ni bora kuliko gani pelekeni kwingine.

Fundi wa Mwanza
Mkuu umegusa ugali wangu. Mimi ni fundi simu, na pawabenki zilizokufa naletewa utadhani ni mimi niliyezitengeneza.

Juzi kaja mama mmoja muuza samaki wa Mwaloni, ana pawabenki imeandikwa 50,000. Nzito, ukiishika unasema hii mali. Nikabandua ganda. Ndani kuna nafasi sita za betri, zote zimejaa. Nikaitikisa ya kwanza, inalia cha-cha-cha. Ya pili cha-cha-cha. Nikapima umeme, sifuri. Moja nikaichana pembeni kwa koleo, ukamwagika mchanga mezani, mweupe, mkavu, umechekechwa vizuri kama wa kupigia plasta. Makopo matano yote ya mchanga, hata waya hayajafungwa, yapo kwa ajili ya uzito tu. Betri hai ilikuwa moja, kuukuu, ya kutolewa kwenye kompyuta mpakato. Nikaipima ikatoa mAh mia tisa na kitu. Mama akanitazama, akauliza, "Sasa fundi, huo mchanga nao nilikuwa nauchaji?"

Hizo betri za duara za ndani tunaziita 18650, yaani kipenyo milimita 18, urefu 65. Moja ina gramu 45 hivi, na iliyo bora huwa mAh 3,500 hivi. Kwa hiyo 20,000 ya kweli haiwezi kuwa chini ya robo kilo. Ikiwa nyepesi, ni uongo moja kwa moja. Ikiwa nzito, usishangilie, itikise kwanza.

Halafu kuna hizi simu used za Dubai zinazoonyesha afya ya betri asilimia 100. Jamani. Kuna kifaa kidogo cha mezani kinaandika upya hiyo namba kwenye chipu ya betri, kazi ya dakika chache. Simu ina miaka minne, betri ni ileile ya kiwandani, afya 100? Hata mimi fundi sina afya hiyo.

Na betri iliyovimba usiniletee nikubustie. Ile ni gesi. Mteja mmoja alitaka nitoboe kwa sindano itoke hewa, nikamwambia atafute meza nyingine, tena mbali na yangu.

Binti Chumbageni
Hahaaa, "hata mimi fundi sina afya hiyo" 😂

Kwetu tatizo ni mama. Simu mpya hairuhusiwi kuwashwa mpaka ilale kwenye chaji usiku mzima. Mdogo wangu alimnunulia simu, kafika nayo saa mbili usiku, mama akaipokea, akaifunga kwenye chaji, akaweka na kitambaa juu, akatuambia tukalale. Anasema aliambiwa dukani enzi zile za betri za kutoa na chaja ya kobe. Naomba hoja nzito ya kwenda nayo nyumbani, maana mimi kwake bado mtoto.

Mzee wa Soketi
Dada, mwambie mama ushauri huo ulikuwa sahihi, ila wenyewe umeshastaafu. Betri za zamani za nikeli zilihitaji kuchajiwa muda mrefu kwanza, na za nikeli-kadmiamu zilisemwa kuwa na tabia ya "kukumbuka", ukizichaji nusu zinajizoesha nusu. Betri za lithiamu, ambazo Sony waliziingiza sokoni 1991, hazina mambo hayo. Zinachochukia ni joto, na kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa pomoni au zimeisha kabisa. Kwa hiyo cha kwanza atoe hicho kitambaa. Hapo ndipo anapoichoma.

Kaka Mkubwa Ilala
Mimi nachaji usiku kucha tangu nianze kumiliki simu, na asubuhi naamka 100. Haya mambo ya kuchomoa ikifika 80 ni ya watu wasio na kazi. Simu nimeinunua inihudumie, sijainunua niilee.

Fundi wa Mwanza
Endelea hivyohivyo kaka. Tutaonana mezani.

Mtoto wa Malindi
Asalaam aleikum. Mie niko Maskati kikazi. Huku joto la Julai si la mchezo, linapita 45 nje, sembuse ndani ya gari lililofungwa vioo. Niliiacha simu juu ya dashibodi niingie dukani mara moja. Kurudi, kioo cheusi, imeandika ina joto, haikubali kupiga wala kupokea. Ilipopoa ikawaka, nikasema alhamdulillahi, yamekwisha. Kumbe ndio kwanza yanaanza. Haukupita muda betri ikavimba ndani, kioo kikaanza kunyanyuka pembeni, kwanza unapita ukucha, halafu ikawa usiku unaiona taa ya ndani inachungulia. Duka likasema dhamana haigusi joto. Nchi nzima ni joto! Sasa wanamuuzia nani dhamana hiyo?

Nduthi ya Stima
Niko Nairobi, naendesha boda ya umeme. Hapo kwa kununua namba mmesema ukweli, lakini sisi tumefika mbele zaidi: betri hata si yetu. Pikipiki nalipia kidogokidogo, betri ni ya kampuni. Ikiisha naenda stesheni, naacha iliyokufa, naondoka na iliyojaa. Ni dakika chache tu, na ukilinganisha na petroli, siwezi rudi nyuma.

Shida ni kwamba zote zinasoma 100 kwenye kioo lakini hazifanani. Moja inakupeleka Rongai na kurudi, nyingine ikiona mlima wa kwanza inashuka kama lifti. Tukilalamika tunaambiwa mfumo unaonyesha betri iko sawa. Basi watu wa steji wakaanza kuzichora na msumari pale chini ya mkono wa kubebea, kamstari kamoja kadogo. Ukipewa yenye kamstari, unajifanya umesahau helmeti, unatoka, unarudi mwenzako akishaichukua. Siku moja jamaa wa stesheni akaona zote zimechorwa. Kumbe kuna mjanja aliamua kuchora hata zile nzuri, ili azikute zimebaki.

Binti Chumbageni
Huyo mjanja apewe uwaziri.

Wa Kolwezi
Jambo kwenu wote. Miye niko naandika toka Kolwezi, Kongo. Niko nasoma hapa naona muko nalia juu ya betri, nikasema niwaambie ya kwetu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile madini ya kufanya betri, inatoka inchi yetu, na sehemu kubwa ni huku Lualaba. Kule mtaa wa Kasulo, mwaka 2014 mutu alichimba kwake akakuta madini, kisha watu wakaanza kuchimba mashimo ndani ya nyumba, sebuleni, chini ya kitanda. Unapita njiani unasikia watu wanasema chini ya miguu yako.

Sasa ile madini inaenda China, inarudi ndani ya simu na pawabenki. Nilinunua moja kwa soko ya hapa, bei ya kuumiza, ikakufa mbele ya mwezi kuisha. Ndugu yangu ni mchimbaji, akaifungua akatafuta kobalti yake ndani. Hakuna. Kulikuwa kipande cha chuma na betri moja kidogo. Akasema, "Hawa tuliwapa mawe ya kweli."

Mzee wa Soketi
Ndugu wa Kolwezi, hii umetumaliza.

Mchokonozi
Naona lawama zote kwa wauzaji. Waandishi wa habari za sayansi je? Kila mwaka kuna betri ya miujiza, itajaa dakika tano, itadumu miaka ishirini. Mimi nakumbuka ile betri ya kioo (glasi, siyo skrini) ya 2017. John Goodenough, mwanasayansi mzee wa miaka 94, yeye na Maria Helena Braga pale Chuo Kikuu cha Texas, wakatangaza betri yenye kioo badala ya kimiminika kinachowaka, inabeba nishati walau mara tatu ya za kawaida. Nikamwambia mke wangu tusinunue simu, tusubiri. Mzee akapata Nobel ya Kemia 2019 akiwa na miaka 97, pamoja na wanasayansi wenzake Whittingham na Yoshino, lakini kwa kazi ya lithiamu ya zamani. Akafariki 2023 akiwa na miaka 100. Betri ya kioo dukani mpaka leo sijaiona.

Mke wangu alinunua simu mwezi uleule, hakusubiri mtu.

Mzee wa Soketi
Hapo nakupinga kidogo. Maabara hawakudanganya, walipima kitu kidogo na kikafanya kazi. Uongo unaingia pale mwandishi anaporuka kutoka kwenye kitu cha ukubwa wa kitufe cha shati hadi kwenye simu yako, kana kwamba kiwanda ni kutia sahihi tu. Na mabadiliko ya kweli yalikuja bila kelele. Kuanzia 2023 simu za Kichina zimeanza kutumia betri zenye silikoni upande hasi, leo kuna simu nyembamba zenye mAh 7,000 na zaidi. Hilo halikupewa vichwa vya habari vya miujiza, kwa sababu halikuwa mara tatu. Lilikuwa nyongeza kidogo, kila mwaka, mpaka ikaonekana.

Mama Bidhaa
Kwa tunaofuata mzigo Dubai: kuanzia Oktoba 1, 2025 ndege za Emirates ni pawabenki moja kwa abiria, isizidi wati-saa 100, na humo ndani huruhusiwi kuitumia. Na lazima uwezo wake uwe umeandikwa. Kwenye begi la chini ndiyo kabisaa, usijaribu. Sasa yule anayejisifia laki moja, ile ni wati-saa 370, kama ni ya kweli haipandi ndege. Na ikipanda ujue walishagundua haina kitu.

Kaka Mkubwa Ilala
Wakuu msinicheke. Niko Kariakoo sasa hivi, dukani, nauziwa 30,000 kwa elfu kumi na tano. Nichukue?

Fundi wa Mwanza
Ipime uzito.

Kaka Mkubwa Ilala
Jirani anauza karanga, ana mizani. Nusu kilo kasoro kidogo.

Fundi wa Mwanza
Itikise.

Kaka Mkubwa Ilala
Inalia. Muuzaji anasema hiyo ni taa ya tochi imelegea, nikifika nyumbani niikaze.