Pauni 2,800: wakizashi yenye hati, katana ya mnadani, au tsuba tatu?

Mtanga_Midlands
Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma humu kimya kimya muda mrefu, leo nimekuja na jambo langu mwenyewe. Nina pauni 2,800 nilizoweka kwa ajili ya kitu cha kale cha Kijapani, na mbele yangu kuna njia tatu.

Ya kwanza ni wakizashi, upanga mfupi, iliyoko dukani Tokyo. Haina sahihi, ila ina hati ya NBTHK (chama cha Japani cha kuhifadhi panga za sanaa) ya daraja la Hozon, na imehifadhiwa kwenye ala ya mbao nyeupe. Bei yake pauni 1,900 kabla ya usafiri. Ya pili ni katana, upanga mrefu, yenye sahihi ya Sukesada, na mpini na ala yake ya zamani, inauzwa mnadani hapa mjini kwangu. Wameikadiria 2,000 hadi 3,000, haina hati yoyote. Ya tatu ni tsuba tatu za chuma, yaani vikinga mkono vya upanga, kutoka kwa mzee mmoja anayepunguza vitu vyake. Moja ina hati ya Akasaka, shule ya mafundi wa tsuba za chuma.

Mnada ni Alhamisi. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

Mzee_wa_Msuka
Karibu Mtanga. Lakini unatuuliza bei ya ng'ombe na ng'ombe mwenyewe hatumwoni. Picha ya msuka iko wapi? Kwenye upanga wa Kijapani, sehemu ile inayoingia ndani ya mpini ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote: rangi ya kutu, mistari ya tupa, matundu ya kigingi, na mahali sahihi ilipochongwa. Bapa hunolewa upya likapendeza. Msuka hausafishwi kamwe, ndiyo maana unabaki na umri wake.

Tupe pia urefu wa makali kwa sentimita. Andika sahihi nzima, si jina tu. Hizo 2,800 ni pamoja na ada ya mnada na kodi, au ni bei tupu? Na unaishi nchi gani, maana sheria za mapanga hazifanani.

Dada_Shakudo
Mimi sihitaji picha wala sentimita. Chukua tsuba.

Kwa pesa hiyo upanga utakaoupata ni wa kawaida, hata ukiwa halali kabisa. Kwa pesa hiyo hiyo unaweza kushika tsuba ambayo mkusanyaji wa miaka thelathini ataiomba aishike. Haina makali, kwa hiyo huhangaiki na sheria za silaha, na hata huko Japani tsuba haisajiliwi kama upanga unavyosajiliwa. Unaiweka kwenye kisanduku chake cha mbao ya paulonia, unaitoa jioni, unaizungusha kwenye mwanga. Watu wanadhani vifaa ni mapambo tu ya upanga. Waende kwenye makumbusho, Ashmolean pale Oxford au V&A London wakatazame chuma kilichotobolewa na wahunzi wa jimbo la kale la Higo, ndipo tuzungumze. Kano Natsuo (1828–1898) alikuwa fundi wa vifaa vya panga, na serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ilipotaka sarafu mpya ni yeye iliyemwita azichonge. Mkono ule haukuwa wa mapambo.

Mzee_wa_Msuka
Dada, nakuheshimu, lakini tsuba iliundwa kwa sababu ya bapa. Mtu anayeanza ajifunze chuma kwanza: punje zake, mstari wa makali, umbo la mpindo. Akianza na tsuba ataishia kukusanya picha za ndege na maua.

Dada_Shakudo
Akasaka si ndege na maua. Ni chuma kilichokatwa kikabaki kile tu kinachohitajika. Mwanzilishi aone mwenyewe, asiamuliwe na mtu.

Mtanga_Midlands
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Niko Leicester. Wakizashi ni sentimita 44.2. Katana ni 63. Sahihi kwa mujibu wa katalogi ni "Bishu Osafune Sukesada", haina tarehe. Picha zinagoma kupanda, nitajaribu tena. Pesa ni hiyo hiyo 2,800 kwa kila kitu, sina nyingine. Na jambo moja sikulisema: nikistaafu narudi Tanga, kwa hiyo kitu hiki kitakuja kukaa pwani.

Mzee_wa_Msuka
Haya, sasa tunaweza kuzungumza.

Kwanza pesa. Nyumba nyingi za mnada hapo Uingereza hutoza mnunuzi robo ya bei au zaidi, na VAT juu ya ada hiyo. Nyundo ikigonga 2,000 umeshafika 2,600. Ikigonga 2,150 umemaliza mfuko. Katana imekutoka tayari, isipokuwa chumba kiwe kitupu siku hiyo.

Pili sahihi. Sukesada hakuwa mhunzi mmoja. Ni jina lililotumiwa na mafundi wengi sana wa Osafune, jimbo la Bizen, ambalo leo liko mkoa wa Okayama. Karne ya 16 vita vilikuwa kila kona na panga zilifuliwa kwa mafungu. Kwa kawaida sahihi fupi inayoanza na "Bishu Osafune" (Bishu ni Bizen hiyo hiyo) hukaa kwenye kazi ile ya mafungu. Upanga wa kuagizwa na mtu maalumu huandikwa kwa urefu, "Bizen no kuni ju", mara nyingi na jina binafsi la mhunzi kama Yosozaemon na tarehe nyuma. Simaanishi wako ni bandia. Huenda ni halisi kabisa, na sentimita 63 unaendana na panga za mkono mmoja za wakati ule. Ila usiulipe kwa bei ya jina.

Tatu sheria. Tangu 2008 Uingereza inakataza kuuza na kuingiza mapanga yaliyopinda yenye bapa la sentimita 50 na kuendelea, lakini kuna msamaha kwa yaliyotengenezwa kabla ya 1954 au kwa njia za jadi. Wakizashi yako haifiki hata hiyo 50.

Nyundo_Rotterdam
Mtanga, kabla hujainua mkono mnadani soma haya.

Nilinunua katana kwa dalali mmoja hapa Ulaya, simtaji. Sahihi ilikuwa ya mhunzi Yasutsugu wa jimbo la Echizen, na msukani nembo ya majani matatu ya Tokugawa, ile familia ya watawala iliyomruhusu Yasutsugu kuichonga. Dalali akanionyesha hati ya kijani na kusema, "Ina hati ya NBTHK." Kweli ilikuwa ya NBTHK, ila ya mfumo wa zamani uliofungwa 1982. Hati za kijani, hasa za miaka ya 70, zina sifa mbaya, na kila anayefanya biashara hii anajua. Yeye alijua. Alinyamaza.

Bapa lilikuwa limepakwa mafuta mazito kwenye kila picha. Nilipoufuta ukaonekana mzuri ila umechoka kunolewa, nikaamua kuupeleka Japani ukanolewe na kuombewa hati mpya. Hilo lenyewe ni safari. Unahitaji wakala kule, upanga unaripotiwa polisi uwanjani, kisha bodi ya elimu ya mkoa inaukagua na kuuandikia kadi ya usajili. Bila kadi hiyo hakuna mnoaji anayeugusa. Miezi ikapita. Ndipo mnoaji akamwandikia wakala: kuna hagire, ufa mwembamba kama unywele, unaopanda kutoka kwenye makali kuelekea ndani, karibu na theluthi ya mbele. Hatanoa. Alituma picha iliyopigwa kwa pembe ya mwanga ambayo dalali hakuitumia hata mara moja.

Hati mpya nayo ikakataliwa, sahihi si ya Yasutsugu. Nikamrudia dalali na barua zote mbili. Jibu lake: ameuza "kama ulivyo", na hati ya kijani bado ni hati. Nikalipia wakala, usajili, usafiri wa kwenda na kurudi, na kibali cha Bunka-cho, idara ya utamaduni ya Japani, cha kuutoa tena nchini. Uko nyumbani kwangu sasa. Umbo lake ni zuri na naupenda, lakini ni upanga uliokufa.

Kwa hiyo shauri langu ni moja: chukua Hozon ya Tokyo. Ya sasa, siyo ya kijani. Na umwandikie muuzaji akupe kwa maandishi kwamba hakuna hagire.

Khanjari_Muscat
Pole sana Nyundo. Wallahi hata huku kwenye hanjari tunayaona hayo. Mtu anapakwa mafuta machoni kuliko bapa.

Mtanga, swali langu ni jingine. Huo mpini wa mnadani una kitu cheupe? Kama kuna pembe ya ndovu jihadhari. Sheria ya Uingereza ya pembe ilianza kutumika 2022. Kitu chenye pembe kiwe cha kabla ya 1947, pembe isizidi asilimia 10, na kiwe kimesajiliwa ndipo kiuzwe. Na ukitaka kukipeleka Tanga ni vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Sisi tumejifunza kwa uchungu, maana hanjari za kale zina mipini ya pembe ya kifaru, na soko la majambia ya Yemen limekula vifaru wa Afrika Mashariki miaka ya 70 na 80. Vifaru weusi walikuwa kama 65,000 mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 90 hawakufika 2,500.

Mtanga_Midlands
Kichwa cha mpini kina kitu cheupe, ndiyo. Katalogi haisemi ni nini.

Mzee_wa_Msuka
Huenda ni mfupa. Kwenye mipini ya heshima sehemu hiyo kwa kawaida ni pembe nyeusi ya nyati. Nyeupe inanifanya nishuku mpini wa kuuzia wageni wa enzi ya Meiji. Waulize kwa barua pepe leo.

Dada_Shakudo
Na kama mpini na ala ni vya kuuzia wageni, atakayenunua atang'oa tsuba na menuki (vipambo vya mpini), auze kimoja kimoja, na bapa liende kwenye mbao nyeupe. Hili linaniuma. Tangu amri ya 1876 iliyokataza watu kuvaa panga, vifaa vimekuwa vikibanduliwa na kusafirishwa Ulaya na Marekani kwa mafungu. Mkusanyiko uliokaa pamoja miaka 200 unavunjwa mchana mmoja kwa sababu vipande vinaleta pesa zaidi.

Khanjari_Muscat
Dada, wewe si ndiye uliyemwambia anunue tsuba tupu? Hizo tatu zilitoka wapi kama si kwenye mapanga yaliyovunjwa?

Dada_Shakudo
Zilizokwisha kutengana zimekwisha kutengana. Tena nyingi hazikuwahi kukaa kwenye upanga mmoja. Mwenye uwezo alikuwa na tsuba kadhaa, akazibadilisha. Ninachokipinga ni kuvunja leo seti iliyo kamili. Hayo ni mambo mawili.

Nyundo_Rotterdam
Mimi siuoni ubaya kama bapa linahitaji mbao safi. Ala ya zamani iliyoingia uchafu hukwaruza na kushika unyevu. Mbao nyeupe inagawanyika katikati, unaifungua na kuisafisha. Vifaa vinafungwa kwenye bapa la mti na kubaki pamoja. Hakuna kilichovunjwa.

Dada_Shakudo
Hivyo sawa. Lakini madalali wangapi hufanya hivyo?

Karafuu_Chake
Naingia kwa sababu ya neno pwani. Mimi ni wa Pemba, nina tanto moja, kisu cha Kijapani, niliyoletewa na marehemu mjomba aliyekuwa baharia. Mtanga, hewa ya chumvi haina huruma. Ukiushika bapa kwa vidole jioni, asubuhi alama zako zimeota kutu. Paka mafuta mara kwa mara kuliko wanavyofanya Ulaya, tena utando mwembamba, maana mafuta mengi yanazama ndani ya ala na kuharibu mbao.

Mafuta yenyewe ya jadi yana karafuu yetu. Watu wakisikia hivyo wanakimbilia chupa ya dawa ya meno. Msifanye. Yanayouzwa leo kwa ajili ya panga kwa kiasi kikubwa ni mafuta mepesi ya madini yaliyotiwa karafuu kidogo kwa harufu. Na usiuhifadhi kwenye ala ya ngozi.

Mtanga_Midlands
Asante sana Karafuu, hilo la chumvi sikuwa nimelipima. Tsuba za chuma nazo je?

Karafuu_Chake
Hapo nawaachia wenye tsuba.

Dada_Shakudo
Tsuba ya chuma usiipake mafuta mazito wala uiguse na brashi ya waya. Rangi yake nyeusi ya hudhurungi ni utando uliolelewa na fundi, ukiufuta umeiua. Kitambaa cha pamba, mkono mkavu, kuisugua polepole kila siku. Kutu nyekundu ikitokea ikwangue kwa kipande cha mfupa au pembe ya ng'ombe, siyo chuma. Pwani utahitaji kisanduku kinachofunga vizuri na vifuko vya kunyonya unyevu.

Nyundo_Rotterdam
Mtanga, kuhusu kodi ya wakizashi. Kitu cha kale cha zaidi ya miaka 100 kikiingia Uingereza hulipiwa VAT ya asilimia 5, siyo 20. Mwambie muuzaji aandike umri na namba ya forodha ya vitu vya kale, 9706. Wasafirishaji wakiona neno "upanga" huandika silaha, na kurudishiwa pesa ni vita. Kwa hesabu hiyo 1,900 pamoja na usafiri unabaki chini ya 2,200.

Mzee_wa_Msuka
Hesabu sahihi. Lakini hati ya Hozon inasema tu upanga ni halisi na unastahili kuhifadhiwa. Inaitaja shule gani? Kuna tofauti kubwa kati ya kazi ya jimbo la Mino ya mwisho wa enzi ya vita na ya jimbo la Hizen ya karne ya 17.

Mtanga_Midlands
Imeandikwa "Sue-Seki".

Mzee_wa_Msuka
Basi ni Mino, karne ya 16. Panga za kazi, zinakata, zipo nyingi. 1,900 ni juu kidogo. Muombe 1,650.

Dada_Shakudo
Na kwa inayobaki anachukua ile Akasaka!

Mtanga_Midlands
Mnada wamenijibu: "pengine mfupa, hatuhakikishi." Jumatano nina ruhusa ya kwenda kuushika. Mzee wa tsuba ananipa moja yenye hati kwa 700 nikiacha zile mbili. Bado sijaamua. Nyundo, nikishika ile katana, hagire naitafuta kwa taa ya aina gani?

Nyundo_Rotterdam
Taa moja kali, chumba kiwe na giza, bapa likielekea kwenye taa nalo linazungushwa taratibu kwa pande zote mbili. Omba kitambaa ufute mafuta kwanza. Wakikataa kukuruhusu ufute, ondoka.

Khanjari_Muscat
Na piga picha ya msuka jamani, sote tunaisubiri.